Acheni Kuwauliza Kama Wameelewa

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Kelele hizo zinasikika kila siku ya shule kuanzia Bahi hadi Mpwapwa. Ukifika sekondari zinageuka kidogo tu, zinakuwa "Yes, sir", lakini kinachofuata ni kilekile: mwalimu anafuta ubao, anakung'uta vumbi la chaki, anatoka. Mtihani wa muhula ukija, karatasi zinarudi zimejaa wino mwekundu, na mwalimu yuleyule anakaa ofisini kulalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wazito.

Si wazito. Wamejibu walichoulizwa. Mtoto wa miaka 13 aliyebanana na wenzake kwenye dawati hawezi kusimama mbele ya darasa zima atangaze kwamba yeye ndiye hakuelewa. Ni sawa na kuwauliza wageni kama wameshiba: hata mwenye njaa atashukuru na kunawa mikono. Kila mwalimu analijua hili, maana naye alikaa kwenye madawati hayohayo na kuitikia hivyohivyo.

Basi swali hilo life. Mwalimu aache kuliuliza darasa, amuulize mtoto. Amtaje kwa jina, amwambie aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia sasa hivi, na amwache aeleze kwa lugha aliyonayo. Hakuna mfadhili wa kusubiriwa hapo wala semina ya siku tatu hotelini. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na ni jambo jema, lakini kishikwambi hakimsimamishi mwanafunzi kikamuuliza "kwa nini?"

Tuchukue kipindi kimoja. Baiolojia, kidato cha pili, sekondari ya kata upande wa Chamwino. Mada ni jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Mwalimu anaandika ubaoni maana ya usanisinuru kwa Kiingereza, mistari minne, na wanafunzi wanainakili. Anaisoma kwa sauti, nao wanairudia kwa sauti. Anachora jani, anaweka mishale. Anauliza kama wako pamoja. Wako pamoja. Kengele.

Kwenye dawati la dirishani yupo binti ambaye nyumbani kwao wana shamba la zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo binti huyu ameshaona misimu mingi kuliko umri wake. Anajua kupogoa. Anajua kwamba wadudu wakishambulia majani wakati vichala vinajaa, zabibu zitatoka chachu na mnunuzi atatafuta sababu ya kushusha bei. Yaani nusu ya somo la leo anayo kichwani tangu asubuhi, kaja nayo kutoka nyumbani, na hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu angemuuliza hivi: ukiyapukutisha majani yote ya mzabibu kabla vichala havijaiva, matunda yatakuwaje? Angejibu bila kufikiri mara mbili: hayatakuwa na utamu, mwalimu. Kwa nini? Hapo angenyamaza kidogo, jirani yake angenyoosha mkono, wa nyuma angebisha, na kipindi kingeanza kweli. Sukari inatoka wapi? Jani linafanya nini na jua? Wakishafika hapo, waandikie istilahi za Kiingereza ubaoni, zote, na uwadai wazijue kwa tahajia sahihi. Watazishika, kwa sababu sasa wanajua zinazungumzia nini.

Tunaambiwa hilo haliwezekani kwa sababu lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Sawa, tulizungumze.

Shule zetu za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Mtoto anasoma sayansi, hisabati na mengine yote kwa Kiswahili, kisha Januari anavaa sketi mpya au suruali ndefu, anaingia kidato cha kwanza, na baada ya wiki chache za kozi ya awali anatakiwa ajifunze kila kitu kwa lugha ambayo wengi wao hawawezi kuitungia sentensi tatu mfululizo. Tatizo hilo serikali inalijua vizuri. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 1969 ulishaliona. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza ifikapo 1985. Pendekezo likawekwa kando. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona hakitoshi kubeba masomo ya sekondari. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote. Kisha likaja toleo la 2023, lililozinduliwa hapahapa Dodoma mapema mwaka 2025, na Kiingereza kikabaki palepale sekondari.

Mjadala huo una wenyewe, na umeshatafuna zaidi ya nusu karne. Hatutaufungua upya leo. Tunachosema ni kidogo zaidi na kinaweza kufanyika Jumatatu: ndani ya sera hiihii iliyopo, mwalimu aruhusiwe waziwazi kueleza kwa Kiswahili na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza na kujibu kwa Kiswahili, hata kama nukuu na mtihani vitabaki kwa Kiingereza.

Tunasema waziwazi kwa sababu kwa kificho linafanyika kila siku. Mwalimu wa fizikia akiona nyuso zimeganda anafunga mlango na kusema, "Haya, sikilizeni, maana yake ni hivi." Nyuso zinafunguka. Kisha gari la mthibiti ubora wa shule linaingia getini, habari zinatangulia mbio, na mwalimu anarudi kwenye Kiingereza cha kitabuni. Darasa linanyamaza tena. Mthibiti anakaa nyuma, anaandika kwamba lugha ya kufundishia imezingatiwa, na anaondoka akiwa ameshuhudia kipindi kibaya kuliko vyote vya wiki hiyo. Sote tunaujua mchezo huu: mkuu wa shule anaujua, afisa elimu kata anaujua, na mthibiti mwenyewe alikuwa mwalimu kabla hajapewa gari.

Kilomita chache kutoka madarasa hayo, Bunge linajadili bajeti ya taifa kwa Kiswahili. Waziri mwenye shahada tatu anapoeleza matrilioni, anayaeleza kwa Kiswahili ili wabunge na wananchi wamwelewe. Mwaka 2021 tukabadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hoja kwamba mtu hatendewi haki kwa lugha asiyoielewa. Hoja nzuri sana. Haikuvuka barabara kwenda shuleni.

Watetezi wa utaratibu wa sasa wana jibu lao la siku zote: mtihani wa NECTA ni kwa Kiingereza, ukimzoesha mtoto Kiswahili umemponza. Tunaomba wakumbuke matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ikapiga kelele, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei matokeo yakafutwa ili yapangwe upya. Wale watoto hawakuponzwa na Kiswahili. Walikuwa wamenakili Kiingereza ubaoni miaka minne. Anayekariri asichokielewa huanguka hata kama karatasi imeandikwa kwa lugha aliyoikariri, maana mtunzi akigeuza swali kidogo tu, mkariri hana pa kwenda.

Utafiti nao upo, wa nyumbani. Halima Mwinsheikhe alifuatilia ufundishaji wa baiolojia katika sekondari zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaona Kiswahili kikiruhusiwa darasani wanafunzi wanashiriki zaidi. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameliandika jambo hilo kwa miaka mingi, pamoja na wenzake wa LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia ulioanza 2002. Hakuna waliloligundua ambalo mama muuza mboga wa soko la Sabasaba hakulijua: ukitaka mtu akuelewe, sema naye lugha anayoielewa.

Na Kiingereza je? Kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, katika kipindi chake, na mtu anayekijua. Tathmini za mpango wa Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba karibu nusu ya wanaomaliza darasa la saba walishindwa kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Shimo hilo halizibwi na mwalimu wa jiografia anayejikwaa kwenye Kiingereza chake mwenyewe. Mtoto anatoka pale hana jiografia na hana Kiingereza.

Kisingizio cha pili kina ukweli ndani yake: wanafunzi ni wengi. Tangu ada ifutwe Januari 2016, madarasa yamefurika, na mwalimu anayesimama mbele ya watoto zaidi ya 80 anastahili heshima kabla hajafungua mdomo. Lakini kadiri watoto wanavyokuwa wengi ndivyo "Mmeelewa?" inavyozidi kuwa haina maana, kwa sababu sauti thelathini za mbele zinafunika kimya cha hamsini wa nyuma. Darasa kubwa linataka njia nyingine, na njia yenyewe haina ufundi. Waambie kila mmoja ageuke amweleze jirani yake alichoelewa, dakika mbili. Kelele zitakuwepo, ziache. Kisha fungua daftari la mahudhurio, weka kidole popote, taja majina matatu. Usichague walionyoosha mikono. Hao wanajua tayari na kila siku ni walewale wa dawati la mbele. Ukimtaja mtu, subiri. Walimu wengi wakikosa jibu kwa sekunde mbili wanajijibu wenyewe, na mtoto anajifunza kwamba akikaa kimya kidogo atavuka salama.

Tena jambo hili lina tarehe. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa hesabu zake walioanza darasa la tatu mwaka ule watamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliokuwa darasa la nne watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Kila mkutano unaozungumzia 2028 unazungumzia vyumba vya madarasa, matundu ya vyoo na madawati. Vyote vinahitajika. Bado hatujasikia kikao kilichojiuliza mwalimu atazungumzaje na umati huo akishaingizwa kwenye hivyo vyumba.

Halafu kuna wanaosema mada ni nyingi, wakianza kusikiliza watoto hawatamaliza. Wamalize nini? Mada ambayo hakuna aliyeielewa haijafundishwa, imepitiwa tu.

Fimbo tuitaje pia, maana ndiyo inayofunga midomo ambayo mwalimu anashangaa haifunguki. Mtoto akijibu vibaya akachapwa, atakuwa amejifunza kutojibu. Kanuni za nchi hii zinasema adhabu ya viboko ni ya mkuu wa shule au aliyemkaimisha kwa maandishi, visivyozidi vinne, na kwa kosa kubwa la nidhamu. Kukosea swali la hisabati si kosa la nidhamu. Hapo mkuu wa shule hahitaji waraka mpya, ausome uliopo kwa sauti kwenye kikao cha walimu. Kejeli nayo ikomeshwe. Mwalimu anayemuigiza mtoto kwa lafudhi yake ya Kigogo mbele ya wenzake, darasa likacheka, hatamsikia mtoto huyo tena hadi anamaliza shule.

Lafudhi inatuleta kwenye madarasa ya chini, ambako tatizo lina sura nyingine. Katika vijiji vya Bahi na Chamwino mtoto anaingia shule na Kigogo chake. Kondoa ni Kirangi. Farkwa, wilayani Chemba, ni Kisandawe chenye sauti za vidoko ambazo mwalimu aliyepangiwa kutoka Kagera hajawahi kuzisikia maishani. Kwa watoto hawa Kiswahili chenyewe ndicho lugha ya shule, na mwalimu anayesema "huyu hajui kitu" mara nyingi anamaanisha "huyu sijaweza kuzungumza naye".

Hapa Dodoma dawa ilishajaribiwa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 kwa fedha za Uingereza, ulifungua vituo vya utayari wa kuanza shule katika vijiji visivyo na darasa la awali karibu. Wasaidizi wake walikuwa wa kijiji kilekile. Hadithi, nyimbo, michezo. Kiswahili kikaingia taratibu, na mtoto asipoelewa, msaidizi alikuwa na lugha ya kumwelezea. Kila kijiji kina kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi, na kila kijiji kina bibi anayejua hadithi arobaini. Kamati ya shule imkaribishe mmoja darasa la kwanza, asubuhi mbili kwa wiki, miezi mitatu ya mwanzo. Na mwalimu mgeni naye ajifunze kusalimia "Mbukwenyi" mlangoni, na maneno mengine ishirini ya njaa, maumivu, choo na nyumbani. Ni kazi ya jioni mbili barazani.

Sasa turudi kwa wenye kalamu. Mwalimu anafanya kile anachokaguliwa. Leo anakaguliwa azimio la kazi, andalio la somo na idadi ya mazoezi yaliyosahihishwa, kwa hiyo usiku anajaza andalio badala ya kufikiria swali la kuuliza kesho. Wathibiti ubora wabadili jambo moja tu. Wakimaliza kukaa kwenye kipindi, wawaite wanafunzi watano nje, chini ya mti, bila mwalimu, wawaulize kwa Kiswahili: leo mmejifunza nini? Majibu hayo matano yatawaambia zaidi ya faili zima la mkuu wa shule. Na yaandikwe kwenye taarifa kama yalivyosemwa.

Vikao navyo vipo. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanataka walimu wakutane shuleni kwao kufundishana. Mara nyingi vikao hivyo huishia kwenye posho ambayo haipo na mada ambayo imetoka juu. Badala yake, mwalimu mmoja amwalike mwenzake akae nyuma ya darasa na kuhesabu vitu viwili: wanafunzi wangapi tofauti walifungua mdomo, na mwalimu alisubiri muda gani kabla ya kujijibu. Wazungumze baadaye wakinywa chai. Hatudhani wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, walio juu ya kilima palepale, watakataa wakiombwa kuja kusikiliza.

Kilichobaki ni ruhusa. Wizara ya Elimu iko Mtumba na TAMISEMI iko Mtumba, zinatembeleana kwa miguu. Waraka tunaoutaka ni wa ukurasa mmoja: kwamba mwalimu wa sekondari anaruhusiwa kufafanua somo kwa Kiswahili, mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza na kujibu kwa Kiswahili, na hakuna mthibiti atakayemwandika mwalimu vibaya kwa kueleweka. Usainiwe kabla ya Januari, ubandikwe kwenye ofisi ya walimu ya kila shule, pale inapobandikwa ratiba.